Kujitolea kwa Faida ya Nani? Ukarimu wa Wasomi katika Meru na Embu

Mwanafunzi wa sarufi anapofundishwa kauli ya kutendea pamoja na kirejeshi -ji-, mifano anayopewa haimsumbui. Kujipikia ni kupika kwa faida ya mpishi mwenyewe. Kujinunulia ni kununua kitu kikabaki kwa mnunuzi. Kujijengea, kujitafutia na kujilimia vina mkondo uo huo, kwamba kinachotendwa humrudia mtendaji. Kisha linakuja neno kujitolea, nalo linavunja safu. Kwa umbo lake lingepaswa kumaanisha kutoa kitu kwa faida ya mtoaji. Kwa matumizi yake linamaanisha kinyume kabisa, yaani mtu kutoa nguvu, wakati au mali yake kwa ajili ya wengine bila kutarajia malipo. Wasemaji wa Kiswahili wameafikiana juu ya maana hii ya pili, na kamusi zimeiandika. Hata hivyo, maana ya kwanza haijafa. Imejificha ndani ya umbo la neno, na mara kwa mara huchungulia nje.

Makala haya yanatoa maoni kwamba maana zote mbili hutendeka katika kaunti za Meru na Embu, wakati mwingine ndani ya shughuli moja, na kwamba vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu, vikiwemo vya Kiswahili, vimeizoea mno ile ya kwanza huku vikiamini kwamba vinatenda ile ya pili. Hili halisemwi kwa nia ya kuwakejeli vijana. Nia yao ni njema, na hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba nia njema aghalabu haimuulizi anayepokea.

Desturi yenyewe inafahamika. Muhula unapokaribia kwisha, kamati ya chama hutangaza ziara ya hisani. Wanachama huchanga, mlezi wa chama huomba basi la chuo, na bango huchapishwa. Siku ya Jumamosi msafara hufika katika makao ya watoto yaliyo nje kidogo ya mji, ukiwa na unga, sukari, mafuta ya kupikia, miche ya sabuni, sodo na mpira mmoja wa miguu. Watoto hupangwa mistari wakaimba. Mwenyekiti hutoa hotuba kuhusu umuhimu wa elimu, shairi hughanwa, vitu hukabidhiwa mbele ya kamera, na wote husimama nyuma ya bango kwa picha ya pamoja. Saa kumi jioni basi huondoka. Gharama ya bango, mafuta ya basi na chakula cha wageni njiani haitajwi katika hotuba, ingawa mweka hazina anajua kwamba mara nyingine huikaribia thamani ya vitu vilivyotolewa, au hata kuipita.

Waswahili husema tenda wema nenda zako. Methali hii hunukuliwa sana katika ziara za namna hii, nayo ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kwanza. Iliwalenga watenda wema wanaosubiri shukrani. Haikukusudia kwamba mtoto wa miaka mitano azoeshwe kupendwa na wageni wapya kila Jumamosi asubuhi na kuachwa nao kila Jumamosi jioni. Kwa mtoto kama huyo, huko kwenda zake mtenda wema ndilo jeraha lenyewe.

Serikali ya Kenya ilikwisha kuitambua kasoro iliyomo katika mfumo mzima wa makao hayo. Mnamo Novemba 2017 ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ilipitishwa Sheria mpya ya Watoto, na mwaka uo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi, wa miaka kumi hadi 2032, unaokusudia kuwarejesha watoto katika familia na jamii badala ya kuwalea katika taasisi. Sheria hiyo inatambua malezi ya jamaa, malezi ya kambo, ulezi wa kisheria na hata kafala, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Sababu ya mageuzi haya ni nyepesi kuieleza na nzito kuimeza: wengi wa watoto wanaoitwa mayatima katika makao hayo wana mzazi aliye hai, au nyanya, au mjomba. Aghalabu kilichowatoa nyumbani si kifo, bali ni karo na chakula.

Na amfikirie msomaji mama aliye upande wa Mbeere, sehemu kavu ya Embu, ambaye mahindi yake yamekaukia shambani kwa msimu wa pili mfululizo. (Ni kinaya cha nchi hii kwamba mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayoiwashia Kenya taa kwa maji ya Mto Tana, yako ukingoni mwa ardhi hiyohiyo inayolia kiu.) Mama huyo anasikia kwamba katika makao fulani mjini watoto hula mara tatu kwa siku, huvaa viatu, na hulipiwa karo na wageni. Hakuna chama cha wanafunzi kilichowahi kufika kwake na mfuko wa unga. Basi la chuo halijui njia ya kwake. Je, atafanya nini? Kumlaumu akimpeleka mwanawe huko ni ukatili. Lakini ukweli unabaki kwamba ukarimu unaopelekwa makaoni pekee humvuta mtoto kutoka mahali ambapo ukarimu huo ungeweza kumkuta.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ni nzito. Watasema kwamba mtoto aliyelala njaa usiku wa leo hashibishwi na mkakati wa miaka kumi. Kwamba makao mengine yanaendeshwa na watu waadilifu, na watoto wengine kweli hawana pa kurudi. Kwamba mfuko wa unga, hata ukiletwa pamoja na kamera, ni unga. Haya yote ni kweli. Wakati wa ukame wa mwaka 2011, Wakenya waliitikia mwito wa Kenyans for Kenya, wakatuma michango yao kwa simu, wengine shilingi kumi kumi, hadi ikafika mamia ya mamilioni, na hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba chakula kilichonunuliwa kilikuwa kosa. Kinachopingwa hapa si unga. Kinachopingwa ni mazoea ya kuyafanya makao ya watoto kuwa jukwaa la kila muhula, kwa sababu tu yanafikika, watoto wake hawakatai kupigwa picha, na ziara yake humalizika kabla ya giza.

Kabla ya makao hayo kuwepo, yatima wa Meru au wa Embu alikwenda wapi? Alikwenda kwa ukoo: mwiriga kwa Wameru, muviriga kwa Waembu na Wambeere. Alikuwa mtoto wa watu kabla ya kuwa yatima. Isidhaniwe kwamba makala haya yanataka kuupaka ukoo rangi ya peponi. Ukoo uleule uliomlea yatima uliweza kumnyang'anya shamba la babake, na wajane wengi wa nyanda hizi wana ushahidi wa jambo hilo katika mafaili ya mahakama za ardhi. Lakini ndani ya mfumo huo kulikuwa na jambo moja ambalo ziara ya Jumamosi imelipoteza, nalo ni kwamba mpokeaji hakuwa mtu wa kupokea tu.

Kazi ya ushirika inayojulikana na wengi katika nyanda za Mlima Kenya kama ngwatio inalionyesha jambo hilo vizuri. Majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao wakalima, wakapalilia au wakavuna, kisha wakahamia kwa mwingine. Mwenye shamba huwapikia. Leo anasaidiwa, wiki ijayo jembe lake liko kwa jirani. Wakamba, jirani zao wa kusini, wana mwethya, na pwani kuna msaragambo. Mjane katika ngwatio alikuwa mhitaji, lakini alikuwa pia mwenye zamu. Hakuimbishwa wimbo wa kushukuru. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe hufasiriwa na wengi darasani kama methali ya uchoyo. Yaelekea tafsiri hiyo ni ya mtu aliyeshiba. Anayepewa jembe siku ya tatu ametolewa katika ugeni. Ameambiwa kwamba mikono yake inahitajika, na kwamba atakula kama wanavyokula wenyeji. Makao yanayopokea wageni na zawadi kila wiki huwaweka watoto katika siku ya kwanza ya ugeni mwaka mzima.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya eneo hili wenyewe ni wapokezi wa ukarimu wa aina hiyo, japo wengi hawalifahamu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, kilianza kama chuo cha ufundi kilichojengwa kwa michango ya wananchi, kwenye ardhi ya Nchiru iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke. Waliochanga wengi wao hawakuwa na mtoto wa kupeleka chuoni. Hawakuliona jengo likikamilika. Anayesoma pale leo anakanyaga zawadi bila kumjua mtoaji, na pengine hiyo ndiyo maana kamili ya methali ile ya tenda wema.

Kuhusu harambee kuna haja ya maneno machache tu, kwa maana habari yake imeandikwa sana. Mwito alioutoa Jomo Kenyatta mwaka 1963, na ambao umeandikwa kwenye nembo ya taifa, ulijenga shule, zahanati na vyuo kote nchini. Baadaye mchango wa wengi ukageuka kuwa mashindano ya wachache. Mgeni wa heshima alifika na bahasha, kiasi chake kikatangazwa kwenye kipaza sauti, na kile cha mama muuza mboga kikamezwa na makofi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwawekea maafisa hao mipaka, na mwezi wa Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki katika harambee. Vijana waliokuwa wakilalamikia mabunda ya noti ya wanasiasa walikuwa na haki. Hata hivyo, bango la chama cha wanafunzi mbele ya watoto waliopangwa mistari ni ndugu mdogo wa bahasha ile.

Ikiwa mifano hiyo inaonyesha kujitolea kunavyoharibika, Meru ina mfano mwingine unaoonyesha kunavyoweza kufika mbali, nao haujapewa nafasi inayostahili katika mijadala ya wasomi wa Kiswahili. Shirika la Ripples International, lenye makao yake Meru, lilikuwa likiwahifadhi wasichana walionajisiwa na baba, wajomba, majirani na watu wengine waliopaswa kuwalinda. Kuwalisha na kuwavisha kungetosha kuitwa hisani. Watu wengi wangefika na sabuni, wangepiga picha, na wangeondoka wakiwa wameridhika. Lakini waliowahudumia wasichana hao waliona kwamba kila aliyepona alirudi katika kijiji ambamo aliyemnajisi alikuwa akitembea huru, kwa sababu polisi hawakuchunguza. Wengine walikuwa wameombwa pesa ili malalamiko yao yaandikwe. Wengine walikuwa wamedhihakiwa.

Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, wasichana 11 pamoja na shirika hilo waliwasilisha kesi ya kikatiba katika Mahakama Kuu ya Meru dhidi ya wakuu wa polisi. Kesi hiyo ilikuja kujulikana kama ya wasichana 160, kwa idadi ya wale ambao masaibu yao yalikuwa nyuma yake. Iliandaliwa kwa ushirikiano na wanasheria wa Kenya na wa nje, hususan shirika la Equality Effect la Kanada, wengi wao wakitoa utaalamu wao bila malipo. Mnamo tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kwa kushindwa kuchunguza ipasavyo na kwa haraka, polisi walikiuka haki za wasichana hao, na kwamba uzembe huo uliwapa wanajisi imani kwamba hawataadhibiwa. Polisi waliamriwa wachunguze. Uamuzi huo haukuwahusu wasichana 11 peke yao. Unamlinda kila mtoto nchini ambaye mamake ataingia kituo cha polisi kesho.

Ripoti za wakati huo zinasimulia kwamba siku ya kuwasilisha kesi wasichana walikwenda mahakamani wakipaza sauti kwa maneno mawili ya Kiswahili: haki yangu. Inafaa msomaji wa fasihi ayapime maneno hayo. Mtoto aliyezoeshwa kupokea hujifunza kusema asante. Watoto hawa walikuwa wamepata watu waliowafundisha kiambishi kingine, kimilikishi cha nafsi ya kwanza umoja, na kukitumia mbele ya lango la mahakama. Wanafunzi waliosoma Kifo Kisimani, tamthilia ya mwaka 2001 ya Kithaka wa Mberia, ambaye chimbuko lake ni Tharaka, jirani ya Meru na Embu, watakumbuka kwamba mgogoro wa Butangi hauhusu ukarimu wa mtawala bali haki ya watu. Tamthilia hiyo ilitahiniwa katika shule za upili kwa miaka. Wengi walijibu maswali ya maudhui wakapata alama nzuri, kisha wakapanda basi la ziara ya hisani bila kuona uhusiano wowote.

Upo mfano mwingine, wa kimya zaidi. Embu ni mojawapo ya miji ya Kenya yenye vituo vya kanda vya kukusanya na kupima damu. Painti moja, kama mililita 450, hutoka kwenye mkono wa mtu mmoja ikaenda kwa mtu ambaye mtoaji hatamjua jina wala kabila. Huyu mpokeaji hawezi kupangwa mstari wala kuimba. Kwa muda mrefu wanafunzi wa shule za upili wamekuwa tegemeo kubwa la huduma hiyo nchini, ndiyo maana upungufu huonekana shule zinapofungwa. Ikiwa kuna tendo ambalo linalipatia neno kujitolea maana yake bila utata, ni hili. Lingekuwa jambo la busara chama kinachopanga ziara mwezi wa Desemba kikapanga badala yake safari ya kwenda kutoa damu, hasa kwa kuwa mwezi huo shule zimefungwa na ajali barabarani ni nyingi. Labda picha zake si nzuri kama za watoto.

Hapa inafaa kutoa tahadhari, ili neno hili lisije likatumiwa kama kamba ya kuwafunga wanyonge. Kwa miaka mingi tangu mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006, waliotembea nyumba hadi nyumba vijijini wakipima watoto utapiamlo na kuwahimiza wajawazito kwenda kliniki waliitwa wahudumu wa kujitolea. Wengi walikuwa wanawake maskini. Walipofika nyumbani jioni hawakuwa na chochote cha kutia sufuriani, na jina hilo zuri lilikuwa sababu ya kutolipwa. Serikali ilipozindua mpango mpya wa wahudumu wapatao 100,000 mwezi wa Septemba 2023 na kuahidi posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, ilikuwa inakiri deni, si kutoa zawadi. Kujitolea kwa mwenye nacho ni fadhila. Kujitolea anakolazimishwa asiye nacho ni kutumikishwa, hata kukipambwa kwa fulana na cheti. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ni methali ya kumtia moyo maskini anayetaka kutoa. Haikutungwa ili tajiri aitumie kumdai.

Swali linalobaki ni la wasomaji wa jarida hili. Mwanafunzi wa uuguzi ana sindano, wa kilimo ana mbegu, wa sheria ana vifungu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana nini cha kumpa mtu wa Maua, Kangeta, Runyenjes au Siakago ambacho duka la jumla haliuzi?

Ana lugha, na si jambo dogo katika nchi ambayo mwananchi hukutana na serikali yake kupitia karatasi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Walakini, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Uamuzi ule wa mwaka 2013 uliowahusu wasichana wa Meru uliandikwa kwa Kiingereza, ilhali nyanya zao wanasema Kimeru, na wengi wao wanakifuata Kiswahili kwa shida huku Kiingereza hawakijui kabisa. Mzee aliyetimiza miaka 70 ana haki ya kuomba posho ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini lazima asajiliwe. Bima ya zamani ya afya ilipoondolewa Oktoba 2024, kila mtu alitakiwa kujisajili upya katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kujibu msururu wa maswali kuhusu nyumba yake na kipato chake kwa njia ya simu au kompyuta. Fomu ya basari ya eneo bunge ina nafasi ya sahihi ya chifu, ya kasisi au imamu, ya mwalimu mkuu. Kila moja ya karatasi hizi ni mlango, na mamia ya watu wamesimama nje yake kwa sababu hawajui kusoma kilichoandikwa juu yake.

Tena kuna yale yanayohitaji kuandikwa upya kwa Kiswahili chepesi, na yakaelezwa kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere na wanafunzi waliozaliwa humo: kwamba mtoto akinajisiwa afikishwe hospitalini kabla ya kuogeshwa, na kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, kwamba malalamiko yakiandikwa kituoni mlalamishi apewe nambari ya OB, kwamba fomu ya P3 inapaswa kutolewa bila malipo, kwamba nyanya anayewalea wajukuu watatu anatambuliwa na Sheria ya Watoto kama mlezi, wala si lazima awapeleke makaoni ili wasaidiwe. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unahitaji kitivo kizima: mwanaisimu wa kuchagua istilahi, mfasiri wa kupima kisheria na kimaana, mwanafasihi simulizi anayejua jinsi habari inavyosafiri sokoni. Kazi hiyo si ndogo kuliko tasnifu, na ni ngumu kuliko shairi la kughanwa mbele ya watoto.

Wahadhiri nao wasisubiri kualikwa. Zoezi la tafsiri linalotolewa kila mwaka kwa matini za magazeti ya Ulaya lingeweza kutolewa kwa matini ya fomu ya chifu, na alama zikawa zilezile.

Na iwapo chama kitaona haya yana mantiki, maandalizi yake si makubwa. Basi halihitajiki, matatu inatosha. Bango linaweza kubaki stoo. Panahitajika meza moja na viti viwili nje ya ofisi ya chifu, kwa ruhusa yake, Jumamosi moja kila mwezi, mahali palepale, mwaka mzima, likizo zikiwemo, na wanafunzi wawili wanaopokezana zamu na wenzao ili mwaka wa masomo ukiisha meza isiondoke. Wiki ya kwanza pengine hatakuja mtu. Wiki ya pili atakuja mama mmoja mwenye bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, iliyofika miezi mitano iliyopita, aulize imeandikwa nini.